Uganda: Mdhibiti wa Umeme na Haki ya Mlipaji

Tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme nchini Uganda ulirudi mikononi mwa shirika la umma, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Historia ya tukio hilo yafaa kutazamwa kwa makini na nchi zote jirani.

Tangu mwaka 1948 Halmashauri ya Umeme ya Uganda ilizalisha, kusafirisha na kuuza umeme peke yake. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. Lakini hapakuwa na chombo cha nje cha kuipima Halmashauri hiyo. Kufikia miaka ya 1990 umeme mwingi ulikuwa ukipotea njiani au kuibwa, na madeni yalikuwa hayalipwi. Ndipo Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ikavunja ukiritimba huo. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme iliundwa mwaka 2000, na mwaka uliofuata Halmashauri ikagawanywa kuwa makampuni matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza.

Mamlaka ilipewa kazi ya kutoa leseni, kupanga bei na kusikiliza maoni ya wananchi. Hata hivyo, mkataba wa usambazaji ulioanza kutekelezwa Machi 2005 ulikwisha kuiahidi kampuni faida ya asilimia 20 kwa mtaji inaouwekeza. Maji ya Ziwa Victoria yalipopungua miaka ya 2005 na 2006, mitambo ya mafuta ilikodiwa na bei ikapanda sana. Mwananchi aliuliza analipia nini. Mdhibiti alikuwa na kalamu mkononi, lakini sehemu ya hesabu ilikwisha andikwa na wengine.

Haki itendeke kwa pande zote. Upotevu wa umeme, uliokuwa kiasi cha asilimia 38 mwaka 2005, ulishuka chini ya asilimia 20, kwa sababu Mamlaka iliweka malengo na kuyafuatilia. Hayo ni matunda ya usimamizi.

Lakini mkataba ulipomalizika, Serikali ililipa dola milioni 118 kwa mtaji ambao haujarejeshwa, na kampuni ikadai zaidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Laiti daftari la mtaji uliokubaliwa lingekuwa wazi mbele ya umma kila mwaka, nafasi ya ubishi huo ingekuwa finyu.

Tanzania nayo ina mdhibiti wake, EWURA, aliyeanza kazi mwaka 2006. Fundisho la Uganda ni kwamba mdhibiti hana budi kuwapo kabla mkataba haujatiwa saini, wala si baada yake; na kwamba anayelipa bili ana haki ya kuiona hesabu iliyoizaa.