Nyongeza ya Dalali na Uzito wa Neno Lake: Uuzaji wa Nyumba katika Mji wa Katesh

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo mwenye nyumba anayeahidi fedha za ziada kwa dalali wa upande wa mnunuzi huuza haraka zaidi au kwa bei nzuri zaidi. Yakiuangalia mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, yanadai kwamba nyongeza hununua bidii ya dalali, ilhali katika mji mdogo kinachouza nyumba ni ushuhuda wake. Nyongeza ya siri huudhoofisha ushuhuda huo. Nyongeza ya wazi yenye masharti inaweza kusaidia, lakini baada tu ya nyaraka na bei kukaa sawa.

Utangulizi

Nyumba ikikaa mwaka mzima bila mnunuzi, mwenyewe hupewa ushauri wa aina mbili: ashushe bei, au awachangamshe madalali. Ushauri wa pili huvutia kwa sababu hauonekani kumgharimu kitu mpaka siku ya mauzo. Mwenye nyumba anatangaza kwamba atakayeleta mteja atapata kamisheni ya kawaida na kitu juu yake, kisha anasubiri simu zianze kuita.

Hoja ya makala haya ni kwamba ushauri huo una ukweli nusu. Unafaa pale ambapo tatizo la nyumba ni kutoonyeshwa. Tatizo likiwa kutoaminika, unageuka hasara. Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang kwenye barabara ya Babati–Singida, unaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko miji mikubwa ambako nadharia nyingi za udalali zimetungwa.

Dalali ni wa nani?

Katika masoko ya nyumba ya Marekani, muuzaji huwa na wakala wake, na mnunuzi naye huwa na wake. Katesh mgawanyo huo haupo kwenye karatasi. Dalali mmoja "ameshika nyumba", mwingine "ameshika mteja", na wakikutana wanagawana. Mara nyingine katikati yao yupo wa tatu, aliyetoa namba ya simu tu, naye anadai chake. Kwa hiyo dalali wa mnunuzi Katesh ni yule anayetembea na mteja, hata awe analipwa na nani.

Malipo yake huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni asilimia ya bei, inayopatanwa. Ya pili ni cha juu: mwenye nyumba anataja bei anayoitaka, dalali anaongeza ya kwake, na tofauti inabaki mfukoni mwake. Cha juu ni nyongeza ambayo dalali amejipangia mwenyewe, na mara nyingi mwenye nyumba haambiwi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, hailifumbii macho jambo hili: wakala akijifanyia biashara ndani ya kazi ya uwakala bila mkuu wake kujua, mkuu anaweza kuidai faida hiyo. Lakini wanaolifikisha dai la namna hiyo mbele ya hakimu ni wachache, na Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya kuwasajili madalali wa nyumba kama Kenya ilivyofanya kwa Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984.

Ushahidi wa Boston na Chicago

Wanaotetea nyongeza wana ushahidi mzito. Wanauchumi Panle Jia Barwick, Parag Pathak na Maisy Wong walichunguza mauzo ya nyumba katika eneo la Boston, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo yao. Nyumba zilizotoa kamisheni ndogo kwa wakala wa mnunuzi zilikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 5 wa kuuzwa, na zilizouzwa zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 12. Mawakala walikuwa wakiwaongoza wateja kuelekea kwenye malipo mazuri.

Jambo la kuangalia ni matokeo hayo yanasema nini hasa. Hayasemi kwamba kamisheni kubwa huzaa wanunuzi. Yanasema kwamba wanunuzi waliopo huelekezwa kwingine. Nyumba iliyolipa vizuri ilipata mteja ambaye pengine angenunua ya jirani. Wenye nyumba wote wakiongeza, faida ya kila mmoja inatoweka na gharama inabaki. Hofu hiyo ndiyo iliyochochea kesi kubwa dhidi ya chama cha mawakala wa nyumba cha Marekani. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Missouri liliamua dhidi ya chama hicho. Machi 2024 kikakubali suluhu ya dola milioni 418. Na kuanzia Agosti 2024 ahadi za malipo kwa wakala wa mnunuzi zikapigwa marufuku kwenye orodha za pamoja za nyumba.

Utafiti wa pili unagusa bei. Wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson, mwaka 2008, walilinganisha nyumba za mawakala wenyewe na nyumba za wateja wao katika eneo la Chicago. Mawakala waliacha nyumba zao sokoni kwa takriban siku 10 zaidi na kuziuza kwa bei iliyozidi kwa karibu asilimia 4. Kwa mteja walihimiza kupokea bei iliyokuja. Kwa nafsi zao walisubiri.

Hesabu ya Katesh inaeleza sababu. Tuchukue, kwa mfano tu, nyumba ya shilingi milioni 40 na kamisheni ya asilimia 5 inayogawanywa kwa madalali wawili. Bei ikishuka hadi milioni 38, mwenye nyumba anapoteza milioni 2, na kila dalali anapoteza shilingi 50,000. Sasa mwenye nyumba aahidi nyongeza ya shilingi 500,000 kwa aliyeshika mteja. Dalali huyo atakuwa na haraka zaidi ya kuona biashara inafungwa, na haraka hiyo haina hata chembe ya kujali ile milioni 2. Nyongeza ya kiasi maalumu inaongeza kasi, na inaweza kuishusha bei ileile ambayo mwenye nyumba alitaka kuilinda.

Dalali wa mnadani

Katesh ina shule ya udalali iliyotangulia soko la nyumba: mnada wa mifugo. Pale mnunuzi wa ng'ombe hamhitaji dalali ili amwone ng'ombe. Ng'ombe yuko mbele yake, anamzunguka, anamshika nundu, anamwangalia meno. Dalali analipwa kwa jambo jingine. Anamjua muuzaji, anajua boma alikotoka, na amekwisha kukiona kibali kinachoonyesha kijiji mnyama alikotokea. Ng'ombe akija kugundulika kuwa wa wizi, dalali ndiye wa kwanza kutafutwa. Ujira wake unajulikana na unalipwa hadharani, na neno lake lina uzito kwa sababu mnada ujao atakuwapo palepale.

Nyumba inafanana na ng'ombe katika hili. Katika mji ambao mwalimu aliyehamia mwezi uliopita anaweza kuonyeshwa kwa bodaboda, katika asubuhi moja, karibu kila nyumba inayouzwa kwa bei anayoiweza, kuziona si kazi. Kazi ni kujua. Mteja anauliza maswali ambayo ukuta haujibu: je, muuzaji ndiye mwenye kiwanja au ni mmoja wa ndugu warithi? Mkewe anajua? Mpaka unaishia wapi, na jirani anaukubali?

Sheria inayapa maswali hayo makali. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nje kidogo ya mji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaiweka halmashauri ya kijiji katikati ya uhamisho wa miliki. Karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili na kugongwa muhuri inaweza isimwokoe mnunuzi aliyeruka hatua hizo.

Hanang inajua bei ya kukosa uthibitisho. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilipochukua nyanda za ngano kwa msaada wa Kanada, wanakijiji wa Mulbadaw walilishitaki. Walishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya ushindi huo, ikishikilia kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile. Kuishi mahali hakukutosha.

Kisha likaja swali jipya. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji jirani kama Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80 na kubomoa nyumba. Tangu hapo mnunuzi makini anataka kujua maji yanapita wapi mlima ukinyeshewa. Mwenye jibu la kweli ni mtu wa pale, na mara nyingi mtu huyo ni dalali.

Nyongeza inapoharibu ushuhuda

Hapo ndipo mantiki ya Boston inapokwama. Dalali wa Boston aliuza muda na ufunguo. Taarifa za miliki zilipatikana kwenye rejesta, na bima ya hati ilimlinda mnunuzi. Dalali wa Katesh anauza neno lake, na neno linapungua thamani msikilizaji akijua limelipiwa. Mji ni mdogo. Mnunuzi akisikia kwa mwenye duka kwamba nyumba ile ina nusu milioni ya pembeni, kila sifa aliyoambiwa anaipima upya, na swali lake la kwanza ni kwa nini nyumba hii pekee inahitaji chambo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: msemo huu ndio kanuni anayotumia mnunuzi asiye na rejesta. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizima na kibovu humshuku kila mtu, akatoa bei ya kibovu. Nyongeza ya siri ikifichuka inaisukuma nyumba nzima kwenye shaka hiyo.

Pingamizi la kweli lipo. Si kila mnunuzi yuko Katesh. Mzaliwa wa Hanang anayefanya kazi Arusha au Dodoma, anayetaka nyumba ya kustaafia, haoni kibao kilichoandikwa kwa chaki kwenye ukuta. Kwake kutafuta kuna gharama, na dalali anayepiga simu nyingi na kutuma picha anafanya kazi ya ziada inayostahili malipo. Nyumba ya bei kubwa yenye wateja wachache nayo inahitaji upekuzi wa namna hiyo. Katika hali hizi nyongeza inaupanua mduara wa wanaojua. Lakini mnunuzi wa mbali ndiye anayelitegemea zaidi neno la dalali, kwa hiyo kwake siri ina hatari kubwa kuliko kwa mwingine yeyote.

Masharti ya nyongeza inayofaa

Yafuatayo yanatokana na hoja hiyo. Nyongeza itajwe mbele ya mnunuzi, kama ujira wa mnadani unavyojulikana. Ifungwe na bei, kwa mfano sehemu ya kiasi kinachozidi bei ya chini ya muuzaji, ili dalali naye aumie bei inaposhuka. Mwenye nyumba akifanya hivyo anakihalalisha cha juu kwa kukitoa gizani. Ilipwe mauzo yakikamilika, ridhaa ya mwenza na ya mamlaka husika ikiwa imepatikana, wala isilipwe siku ya malipo ya awali. Mwisho, itanguliwe na matumizi mengine: kupima kiwanja, kumaliza mirathi, kuwaita majirani wathibitishe mipaka kwa maandishi. Shilingi 500,000 iliyoingia huko inabaki kuwa thamani ya nyumba hata mteja wa kwanza akikataa. Iliyoahidiwa dalali haiachi kitu.

Hitimisho

Nyongeza kwa dalali wa mnunuzi husaidia kuuza nyumba pale ambapo nyumba nyingi zinazofanana zinagombea macho machache, na miliki haina utata. Katesh mara nyingi sharti la pili halijatimia, na la kwanza halipo. Anayelipia bidii kabla ya kulipia uthibitisho anawaleta watu wengi zaidi waje kuona kile kinachowafanya waondoke. Sheria ya kuwasajili madalali ikitungwa, ianzie hapo: izingatie wanachowajibika kukisema, na kwa fedha ya nani wanakisema, kabla ya kuhangaika na asilimia wanayotoza.