Protini za mzunguko wa seli katika saratani ya mapafu

Protini za mzunguko wa seli huamua seli igawanyike lini na itulie lini. Katika saratani ya mapafu, swali la maana ni ipi kati yake imeharibika, kuliko ngapi zimeharibika. Seli iliyotulia huzuiwa na protini ya RB, ambayo huzikamata protini za kundi la E2F zisiamshe jeni za kunakili DNA. Protini iitwayo saiklini D ikiungana na kinasi (kimeng'enya kinachopachika fosfeti) CDK4 au CDK6, RB hupachikwa fosfeti na kulegeza mkamato wake. Protini ya p16 nayo huzizima kinasi hizo. Katika saratani ya seli ndogo, inayowapata hasa wavutaji sigara na kusambaa upesi, jeni za RB na p53, protini nyingine inayozuia uvimbe, huharibika karibu kila mara. Hitilafu ya RB iliripotiwa mwaka 1988, na uchunguzi wa jenomu za uvimbe 110 uliochapishwa mwaka 2015 ukaithibitisha. Katika saratani za seli zisizo ndogo, RB kwa kawaida hubaki nzima. Kinachopotea mara nyingi ni p16, au saiklini D1 huzidi. Ni nadra uvimbe mmoja kupoteza RB na p16 kwa pamoja: aliyekwisha kung'oa mlango hahitaji kuiba ufunguo.

Wapo wanaosema kuwa saiklini nyingi si chanzo cha saratani bali ni dalili tu ya seli zinazogawanyika kwa kasi. Pingamizi hilo lina nguvu pale ushahidi unapokuwa kipimo cha protini peke yake, na tafiti za namna hiyo, ambazo si chache, zimepewa uzito kupita kiasi. Lakini kasi ya kugawanyika haielezi jeni iliyofutika. Mwaka 2003 watafiti nchini Uholanzi walifuta jeni za RB na p53 katika mapafu ya panya, nao wakapata uvimbe unaofanana sana na saratani ya seli ndogo ya binadamu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mbona dawa za kuzuia CDK4 na CDK6, zilizofanikiwa katika saratani ya matiti, hazijafua dafu katika saratani ya mapafu? Kwa seli ndogo jibu ni wazi. Bila RB, kuzima kinasi hakusimamishi chochote. Trilaciclib, mojawapo ya dawa hizo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, inatumia ukosefu huohuo wa RB: hutolewa kabla ya kemotherapi, seli za uboho zenye RB zikasimama kwa muda na kunusurika, huku uvimbe ukiendelea kugawanyika na kupigwa na dawa. Kwa seli zisizo ndogo jibu halijakamilika. Abemaciclib, dawa nyingine ya kundi hilo, ilichelewesha kidogo ukuaji wa uvimbe wenye mabadiliko ya jeni ya KRAS, lakini haikurefusha maisha kuliko erlotinib, dawa iliyolinganishwa nayo. Saiklini E na CDK2 zinaweza pia kuipachika RB fosfeti, hivyo kuzuia CDK4 na CDK6 pekee huacha njia nyingine wazi.