Makangaga ya milima ya Taita: jinsi yanavyohesabiwa na yanayotueleza

Kwa wengi wetu wa Pwani, kangaga tunalolijua ni lile la mikokoni. Huota pembezoni mwa mikoko, pale maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi, na majani yake magumu huweza kumpita mtu kimo. Wataalamu huliita Acrostichum aureum. Kangaga hilo ni la pekee kwa kustahimili chumvi. Jamaa zake walio wengi wanataka kivuli, ukungu na maji matamu, na kwa hiyo anayetaka kuyaona makangaga kwa wingi hana budi kupanda mlima.

Mlima ulio jirani nasi ni Taita. Makala haya yanaeleza makangaga ni mimea gani, yanahesabiwa vipi mlimani, na kwa nini hesabu hiyo inamhusu hata mtu ambaye hajawahi kufika Wundanyi.

Kangaga ni mmea wa namna gani

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Ukiligeuza jani lililokomaa utaona kwa chini vidoa au mistari ya rangi ya hudhurungi. Hivyo ni vifuko vya spora, chembe ndogo mfano wa vumbi ambazo hupeperushwa na upepo. Spora ikiangukia mahali penye unyevu huota kijani kidogo chembamba, mara nyingi chenye umbo la moyo na kisichofikia ukubwa wa ukucha. Kwenye kijani hicho ndiko mbegu ya kiume huogelea hadi kwenye yai la kike, nayo huhitaji utando wa maji wa kuogelea. Pakiwa pakavu wakati huo, hapazaliwi kangaga.

Duniani kuna karibu aina 12,000 za makangaga pamoja na mimea mingine ya spora, kama vile Selaginella, ambayo kwa desturi huhesabiwa pamoja nayo. Yako yanayoota ardhini, yanayong'ang'ania mawe, na yanayokaa juu ya matawi ya miti bila kuinyonya. Yako pia makangaga miti, ambayo hupandisha shina na kufungua majani juu kama mwavuli. Mojawapo ni Cyathea manniana, linaloonekana kwenye mabonde yenye maji ya milima ya Afrika Mashariki, Taita ikiwemo.

Si kwamba makangaga hayapatikani ukavuni kabisa. Kwenye miamba ya nyika huota Actiniopteris, kangaga dogo lenye majani kama vipepeo vya mkoche. Kiangazi hujikunja likadhaniwa limekufa, na mvua ikinyesha hufunguka tena. Lakini aina zinazoweza hivyo ni chache.

Kwa nini Taita

Milima ya Taita ni sehemu ya mnyororo wa milima ya kale unaoitwa Tao la Mashariki. Sehemu yake kubwa iko Tanzania, na Taita ndiyo pekee iliyo upande wa Kenya. Kilele cha Vuria kinafika mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Mlima wa Dawida ndio mkubwa. Mbololo umetengwa nao na bonde, Sagalla uko juu ya mji wa Voi, na Kasigau umesimama peke yake katikati ya nyika ukiwa na kimo cha mita 1,641.

Chini yake ni nyika ya Tsavo, lakini juu ni misitu ya ukungu, na ukungu huo asili yake ni bahari yetu. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi huvuka nyika zikiwa zimebeba unyevu, hukutana na milima hii zaidi ya kilomita 150 kutoka ufukweni, hupanda, hupoa, na unyevu ukawa mawingu. Hata miezi ya kusi, ambapo nyikani hakuna mvua ya maana, vilele vya Taita hufunikwa na ukungu. Majani ya miti, kuvumvu na makangaga huunasa ukungu huo matone kwa matone, nao hudondokea udongoni na kulisha vijito. Mto Voi unaanzia huko.

Misitu yenyewe imebaki vipande. Mbololo na Ngangao ndiyo mikubwa, na Ngangao hauzidi sana hekta 120. Vingine kama Chawia, Fururu, Yale na Vuria ni vidogo zaidi. Kati ya vipande hivyo kuna mashamba, makaazi, na misitu ya kupandwa ya misonobari, misaipresi na mikaratusi.

Hesabu inavyofanywa

Kuhesabu makangaga si kutembea msituni na kuandika kila unachokiona, kwani mtembezi huona yaliyo kando ya njia tu. Kazi hufuata utaratibu.

Kwanza huchaguliwa mstari wa kupandia mlima kutoka chini hadi juu. Kasigau unafaa sana kwa hili, maana kwa safari fupi mtu hutoka kwenye miiba ya nyika akaingia katika msitu wa ukungu. Kila baada ya kimo fulani, tuseme mita 100, hupimwa viwanja vya ukubwa mmoja. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hutumiwa sana katika kazi hii. Ukubwa ukitofautiana, hesabu haziwezi kulinganishwa.

Pili, ndani ya kiwanja huandikwa kila aina na wingi wake, pamoja na mahali ilipoota: ardhini, kwenye jiwe, kwenye gogo lililooza au juu ya mti. Yaliyo juu matawini hutazamwa kwa darubini au kutafutwa kwenye matawi yaliyoanguka. Huandikwa pia kimo, mwelekeo wa mteremko, kiasi cha kivuli, na alama za shoka, moto au mifugo.

Tatu, huchukuliwa sampuli. Kangaga halitambuliki kwa jani changa. Panahitajika jani lenye spora na kipande cha shina pamoja na magamba yake, kwa sababu aina mbili zinazofanana kwa jani huweza kutofautishwa na gamba au mpangilio wa vifuko. Sampuli hukandamizwa baina ya magazeti, hukaushwa, na kuandikiwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kazi hii inahitaji kibali cha utafiti na ruhusa ya wasimamizi wa msitu. Makangaga miti yamo pia katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Mwisho, sampuli hulinganishwa na zilizohifadhiwa. Kwetu ghala kuu ni Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi. Ilianzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902, na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Jani lililokaushwa miaka mingi iliyopita likiwa na anwani yake ni shahidi kwamba mmea fulani ulikuwepo mahali fulani.

Taita haikuanza juzi kuchunguzwa. Mwaka 1988 Robert Faden, Henk Beentje na D. Nyakundi walichapisha orodha ya mimea ya misitu ya Taita, na makangaga yalikuwemo. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1952, kilikamilika mwaka 2012, na sehemu nyingi za makangaga ziliandikwa na Bernard Verdcourt. Chuo Kikuu cha Helsinki nacho kina kituo cha utafiti Wundanyi. Kwa hiyo anayetaka kuhesabu leo ana mahali pa kuanzia.

Hesabu inasema nini

Mfano mzuri uko kwa jirani. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mtafiti Andreas Hemp alichunguza aina zipatazo 140 za makangaga na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Hayakuwa yametawanyika ovyo. Kila kimo kilikuwa na kundi lake, kiasi kwamba ukanda wa mlima ungeweza kutambuliwa kwa makangaga yake. Aina zilikuwa nyingi zaidi katika msitu wa kati, wenye mvua na ukungu, zikapungua kuelekea chini kwenye joto na kuelekea juu kwenye baridi. Milima mingi ya nchi za joto ina mpangilio kama huo.

Hemp huyohuyo alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro, na kwamba hasara ya maji kutokana na kupotea kwa msitu unaonasa ukungu ni kubwa kuliko ile ya kuyeyuka kwa barafu. Barafu ndiyo inayopigwa picha, lakini kazi ya kunasa maji hufanywa na msitu.

Hapa ndipo thamani ya kangaga kama shahidi inapoonekana. Ndege anaitwa kitaalamu Turdus helleri, wa Taita pekee, hasafiri kirahisi kuvuka mashamba baina ya Mbololo na Dawida. Asipoonekana kwenye kipande fulani cha msitu, huenda ni kwa sababu hakuweza kufika. Kangaga halina udhuru huo. Spora zake huenda na upepo na huangukia kila mahali. Ndiyo maana makangaga mengi ya Taita yapo pia Usambara na Kilimanjaro. Basi kangaga la ukungu likikosekana mahali lilipokuwapo zamani, swali la kwanza la kuuliza ni kama mahali penyewe pamekauka.

Wa kwanza kuondoka huwa ni makangaga ya utando, ambayo jani lake kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu. Halina ngozi ya kulizuia lisikauke. Mti mmoja mkubwa ukikatwa na jua likapenya, kundi zima lililokuwa kwenye shina la jirani huweza kufa, ilhali kwa macho ya mpita njia msitu bado ni msitu.

Tena idadi peke yake hudanganya. Msitu uliofunguliwa huweza kuongezeka aina, kwa kuwa makangaga ya jua huingia kabla ya yale ya kivuli hayajaisha. Linalojulikana zaidi ni Pteridium, ambalo shina lake hujificha ardhini, hunusurika moto, na huchipuka kwa wingi mahali palipoungua. Ng'ombe wakilizoea kulila huwadhuru. Kwa hiyo usiulize tu "ziko aina ngapi?" Uliza pia ni aina zipi.

Inatuhusu vipi

Wadawida wa kale walitenga misitu mitakatifu iitwayo fighi, isiyokatwa miti hovyo. Baadhi ya vipande vya miti ya asili vilivyosalia vimeokolewa na heshima hiyo. Leo sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaviruhusu vyama vya misitu vya jamii kushiriki katika kusimamia misitu ya umma. Vyombo vipo. Kinachohitajika ni kumbukumbu za kuonyesha kama msitu unaosimamiwa unapona au unakauka polepole.

Hesabu ya makangaga inafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa si ghali. Viwanja vichache vyenye alama za kudumu, vinavyotembelewa kila mwaka msimu uleule, picha za chini na juu ya jani, na daftari linalotunzwa vizuri ni mambo ambayo shule ya sekondari au chama cha msitu kinaweza kuyafanya kwa msaada wa mtaalamu wa kuthibitisha majina. Thamani yake iko katika kurudiwa. Hesabu ya mwaka mmoja ni orodha tu, ila ikirudiwa miaka kumi hueleza msitu unakoelekea.

Mti wa kupandwa una kazi yake, na watu wanahitaji mbao na kuni. Lakini kilima chenye mikaratusi hakiwi sawa na Ngangao kwa sababu tu kimekuwa kijani. Atakayetaka kujua tofauti na ainame, atazame kilichoota kivulini chini ya miti. Bahari itaendelea kupeleka unyevu wake Taita kila msimu. Kama utageuka maji ya kijito au utapita na upepo, hilo linategemea kilichosalia huko juu cha kuunasa.