Ususi wa Burundi: Mmea Uliogeuka Umbo

Igiseke ni kikapu cha Burundi chenye kitako cha mviringo, tumbo pana na kifuniko kirefu kilichochongoka. Mtu wa pwani akikiona hukumbuka kawa ya kufunikia chakula. Hujengwa kwa kuzungusha fungu jembamba la nyasi, duara juu ya duara, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule ulioutangulia. Sindano nene hutoboa, utepe wa mmea hupitishwa, kisha huvutwa hadi ukaze. Duara likilazwa nje kidogo ya lile la chini, kikapu hupanuka. Likiingizwa ndani, hufumba. Katika vikapu bora vya zamani mishono imebanana kiasi kwamba nyasi za ndani hazionekani.

Malighafi ni mimea ya jirani. Mabonde ya milimani yana mafunjo na nyasi, mashambani kuna nyuzi za mgomba, na kwenye uwanda wa Imbo, ilipo Bujumbura, delta ya mto Rusizi ina matete, mafunjo na mikoma.

Mapambo ya vikapu hivi ni pembetatu na mistari ya kupinda, meusi au mekundu juu ya rangi ya nyasi. Ni nadra kukuta jani au ua lililochorwa. Mmea umo katika mwili wa chombo chenyewe. Tumbo na shingo ya kikapu vina undugu wa wazi na kibuyu, hasa igisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na kifuniko kilichochongoka kinafanana na chipukizi lisilofunguka. Kama wasusi walikusudia kuiga au mkono uliozoea vibuyu ulijiendea wenyewe, chombo hakisemi. Lakini jicho haliwezi kupuuza mfanano huo.

Igiseke kilitumika kubebea unga, maharagwe na mtama, na kilichukuliwa kichwani kwenda kutoa zawadi au harusini. Vile vidogo vilivyosukwa kwa ustadi mkubwa viliwekwa nyumbani vionekane. Kwa hiyo kuvitenga na sanaa ya uchongaji, kwa kuwa tu vina matumizi, ni desturi ya majumba ya makumbusho zaidi kuliko ya wenye vikapu.

Wasafiri wa Ulaya nao walifika: Oscar Baumann, Mwaustria, aliingia Burundi mwaka 1892. Hans Meyer, Mjerumani, alifika mwaka 1911 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya Warundi mwaka 1916. Vikapu vya eneo hili vilipofika Ulaya mara nyingi vilibandikwa jina la Watutsi tu, bila kutenganisha Burundi na Rwanda. Utawala wa Ubelgiji, uliounganisha nchi hizo kama Ruanda-Urundi na kuweka makao yake Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, haukusaidia kuondoa mchanganyiko huo.

Makumbusho ya taifa yalianzishwa mjini Gitega mwaka 1955. Bujumbura ilipata Musée Vivant (makumbusho hai) mwaka 1977, ambako nyumba ya jadi, kazi za mikono na mimea vimewekwa katika bustani moja. Mpangilio huo ni wa busara, kwani kikapu huonekana karibu na kilikotoka.

Kwingineko wasanii wamechukua ususi na kuuondolea kazi ya kubeba. Ruth Asawa wa Marekani alijifunza kusuka waya kwa mafundi wa vikapu wa Toluca, Mexico, mwaka 1947. Mwaka 1962 alipewa mmea wa jangwani, akashindwa kuuchora alivyotaka, akaujenga kwa waya. Ndipo zikaanza sanamu zake zinazotawanyika kama matawi. Karibu na Burundi yuko Acaye Kerunen wa Uganda. Akishirikiana na wanawake wasusi, hutumia nyuzi za mgomba, rafia na matete kutengeneza maumbo makubwa ya kutundikwa ukutani au kusimamishwa. Mwaka 2022 yeye na Collin Sekajugo waliiwakilisha Uganda kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya sanaa ya Venice, na banda lao likatajwa kwa heshima maalumu.

Katika Bujumbura ususi umebaki zaidi sokoni kuliko kwenye kumbi za sanaa. Serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2018, ikapata nguvu mwaka 2020, na vyombo vya kusukwa vikapata nafasi mpya. Lakini mfuko wa sokoni hununuliwa kwa wingi na kwa haraka. Igiseke cha mishono iliyobanana huhitaji siku nyingi za kazi, na mnunuzi wake ni mwingine.