Koni chini ya meza: cherehani za zamani na uzi wa leo Unguja

Doti ya kanga haivaliki ikitoka dukani. Vipande vyake viwili huja vimeungana na ncha zake hazijapindwa, kwa hiyo lazima ikatwe na ipigwe pindo nne. Ndiyo maana katika mitaa ya nguo ya Mji Mkongwe, Mchangani na Darajani, fundi cherehani hakai mbali na muuza kanga. Yupo barazani, miguu kwenye pedeli, na mara nyingi kazi humtoka mkononi kabla mteja hajamaliza kuulizana hali na aliyekaa jirani.

Cherehani nyingi za mafundi hawa zinatambulika kwa mbali: kichwa cha chuma cheusi, maua ya rangi ya dhahabu yaliyofifia, meza ya mbao na miguu ya chuma iliyosukwa. Juu ya kichwa kuna kijiti kifupi cha chuma ambacho kiwandani kiliwekwa kwa ajili ya roli ya uzi. Kwa mafundi wengi kijiti hicho siku hizi hakina kitu. Uzi unatoka chini, kwenye koni ya plastiki iliyosimama mezani au sakafuni, unapanda hadi juu ya cherehani, kisha ndipo unapoanza kufuata njia yake ya kawaida kuelekea kwenye sindano.

Cherehani haikubadilika. Kilichobadilika ni uzi, na mafundi ndio waliotafuta namna ya kuvipatanisha viwili hivyo.

Majirani wa mto Clyde

Mwanzoni havikuhitaji kupatanishwa. Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846. Isaac Merritt Singer alipata ya kwake mwaka 1851, na kampuni yake ndiyo iliyoifikisha mashine hiyo majumbani, hasa kwa kuiuza kwa malipo ya polepole. Mwaka 1885 Singer ilifungua kiwanda kikubwa Kilbowie, katika mji wa Clydebank nchini Scotland. Kufikia 1913 kiwanda hicho kilikuwa kikitoa zaidi ya mashine milioni moja kwa mwaka. Herufi K katika jina la Singer 15K, mojawapo ya modeli zake, ni ya Kilbowie, na cherehani ambayo nambari yake iliyogongwa kwenye chuma inaanza na herufi F au Y ilitengenezwa huko katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20.

Upande wa pili wa mto Clyde, umbali usiozidi kilomita 10 kutoka Clydebank, upo mji wa Paisley. Huko ndiko zilikokuwa familia za Clark na Coats, wafalme wa uzi wa pamba. Akina Clark walianza kutengeneza uzi wa pamba wa kushonea wakati vita vya Napoleon vilipoikatia Uingereza hariri. Baadaye wakaanza kuuzungusha kwenye vigogo vidogo vya mti, yaani roli. Mnunuzi alitozwa nusu peni kwa ajili ya kigogo, na akikirudisha kitupu alirudishiwa fedha yake. Mwaka 1896 kampuni za Clark na Coats ziliungana.

Kwa hiyo mashine na uzi vilitoka karibu mahali pamoja, na vilijuana. Urefu wa kijiti, unene wake na mahali pa kipete cha kwanza cha kupitishia uzi, vyote viliifuata roli ya mti. Uzi wa roli hiyo ulilazwa sambamba, safu juu ya safu. Fundi akishona, roli yote huzunguka kwenye kijiti na uzi hutoka ubavuni, umenyooka, bila kujisokota.

Nguo mpya za watu huru

Unguja ilikuwa soko la vitambaa muda mrefu kabla ya cherehani. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ulifungua mlango kwa merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Massachusetts na kusambazwa bara kupitia Zanzibar. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za British India Steam Navigation zilianza safari za barua baina ya Aden na Zanzibar. Kuanzia hapo bidhaa ya kiwandani, iwe imepakiwa Scotland au Bombay, ilikuwa na njia ya uhakika ya kufika Malindi na Forodhani mjini Unguja.

Kanga yenyewe ilianza kwa mshono. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizouzwa zikiwa zimeungana, wakakata mikanda miwili ya leso tatu tatu, wakaishona ubavu kwa ubavu ikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza nguo iliyochapishwa ikiwa nzima, na mshono wa katikati ukatoweka. Pindo za pembeni zikabaki.

Kisha ukaja mwaka 1897. Tarehe 6 Aprili hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar, na katika miongo iliyofuata mavazi yakawa mojawapo ya njia za watu kutangaza hadhi yao mpya. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Pastimes and Politics*, anaeleza jinsi waliokuwa watumwa na watoto wao walivyoiacha kaniki na merikani chakavu, wanawake wakashika kanga na baadaye buibui, wanaume wakavaa kanzu na kofia, mavazi ambayo zamani watumwa walizuiwa kuyavaa. Kanzu na buibui ni kazi ya fundi. Kila familia ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, iliyopata uwezo wa kununua kitambaa ilihitaji mtu wa kukishona.

Mafundi hao walikuwa wa kila asili: Wahindi wa jamii ya Darji, ambao ushonaji ni kazi yao ya ukoo, Wagoa waliozoea suti na magauni ya Kizungu, na Waswahili waliojifunza barazani kwa kukaa karibu na mjuzi. Ushoni uliingia pia darasani. Skuli ya kwanza ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927, na kazi ya sindano ilikuwa sehemu ya mafunzo yake. Kofia za mkono zenye vitobo ndizo zilizobaki nje ya himaya ya cherehani. Hadi leo zinatiwa nakshi kwa sindano, na kofia moja huweza kuchukua wiki nyingi.

Kipepeo kutoka Shanghai

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wafanyabiashara na mafundi wengi wenye asili ya India na Arabuni waliondoka. Biashara ya kuagiza bidhaa ikashikwa na Serikali, na miaka ya 1970 ilikuwa ya uhaba. Aliyekuwa na cherehani aliitunza kwa sababu hakujua atapata lini nyingine.

Wakati huohuo uhusiano na China ulikua, na bidhaa za Kichina zikaenea katika maduka ya Tanzania. Miongoni mwa zilizopata jina ni cherehani ya Butterfly kutoka Shanghai. Mafundi waliipokea bila kujifunza upya, kwa sababu ilifuata umbo la Singer 15: sindano ile ile, bobini ile ile, njia ile ile ya uzi. Kifaa cha moja kiliweza kuingia kwenye nyingine, na hapo ndipo Singer za zamani zilipopata uhai mpya. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa mwaka 1980, lakini vipuri havikwisha Darajani.

Uzi nao ulikuwa umeshabadilika. Poliesta iligunduliwa mwaka 1941 na Waingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na baada ya vita ikaingia katika nguo na katika uzi wa kushonea. Plastiki ikachukua nafasi ya roli za mti. Biashara ilipolegezwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980 na mizigo ikaanza kumiminika kutoka Dubai na Mashariki ya Mbali, uzi wa viwandani ulifika ukiwa kwenye koni kubwa, zikiwemo za yadi 5,000.

Hesabu yake inaeleweka haraka. Pindo nne za doti moja ni kama mita nne na nusu za mshono, na mshono wa kawaida hula uzi wa juu na wa chini jumla kama mara mbili na nusu ya urefu wake. Doti moja basi humaliza takriban mita 11. Roli ya yadi 200 inatosha doti 16 hivi. Koni ya yadi 5,000 inafika karibu na doti 400.

Tabu ilipo

Koni haikai kwenye kijiti cha Singer. Kitako chake ni kipana, na hata ikilazimishwa itayumba na kuvuta uzi kwa mikupuo. Tena uzi wake haukulazwa sambamba. Umezungushwa kwa kupishana, na umekusudiwa kutoka kwa juu, kwenye ncha, huku koni yenyewe ikiwa imetulia. Ukivutwa kutoka ubavuni unakwama, halafu unaachia ghafla. Matokeo yake fundi anayajua: mshono unakaza hapa, unalegea pale, uzi unakatika, na upande wa chini wa nguo unajaa vitanzi.

Dawa ni kuusimamisha uzi kabla haujafika kwenye cherehani. Koni inawekwa nyuma ya kichwa, ndani ya kopo au kikombe kizito ili isianguke. Uzi unapandishwa wima hadi kwenye waya uliokunjwa kitanzi, au kwenye pini iliyofungwa kwa utepe nyuma ya mashine, ndipo unaingia kwenye kipete cha kwanza. Kinachohitajika ni uzi upande moja kwa moja kutoka katikati ya koni, usiburuzwe kwenye ukingo wake.

Hata roli ndogo za plastiki zina vituko vyake. Nyingi zina mkato mdogo ukingoni wa kunasia ncha ya uzi. Mkato huo ukielekezwa juu, uzi unaopita hunaswa na kukatika, kwa hiyo roli hugeuzwa mkato ukae chini. Kipande cha kitambaa kizito chini yake huizuia isizunguke ovyo pedeli inaposimama.

Halafu kuna visahani vinavyobana uzi. Cherehani ya zamani mara nyingi iliachwa imekazwa kwa uzi wa pamba. Poliesta nyembamba hunyumbuka: inavutika wakati wa kushona, kisha inarudi na kukusanya kitambaa, na pindo la kanga linakuwa na mikunjo. Fundi hulegeza skrubu ya visahani kidogo kidogo na kujaribu kwenye kipande cha nguo iliyokatwa. Kinyume chake ni zile roli za mti zinazopatikana bado katika makasha ya mabibi. Zinavutia macho, lakini pamba iliyokaa miaka katika joto na unyevu wa pwani imechoka, na haifai kwa mshono wa kudumu.

Unyevu huo ndio adui wa chuma pia. Cherehani ya barazani hutaka mafuta mepesi ya mashine mara kwa mara. Ya nazi huganda na kuifanya iwe nzito.

Uvumilivu wa mashine hizi ulipimwa mara mbili. Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa takriban mwezi mmoja, na Desemba 2009 umeme ulikatika tena hadi Machi 2010. Hoteli na maduka yalinguruma kwa jenereta. Cherehani ya miguu haikuhitaji chochote ila miguu na mwanga wa mlangoni.

Leo abaya zilizokwisha kushonwa zinatoka Dubai, na nakshi za kanzu hupigwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Cherehani nyeusi zimebakiwa na pindo, viraka, sare za skuli na marekebisho ya nguo za mitumba, na zinapofika siku za mwisho za Ramadhani hata hizo kazi huzidi uwezo. Koni ya yadi 5,000 hapo husaidia nusu tu, kwa kuwa imerefusha uzi wa juu peke yake. Uzi wa chini bado unatoka kwenye bobini ndogo ya chuma ya umbo lile lile la Singer 15, isiyobeba uzi wa zaidi ya doti chache. Fundi aliyejiandaa kwa sikukuu hujaza bobini nyingi asubuhi, kwa kile kigurudumu cha mpira kinachosugua gurudumu la cherehani, na kuzipanga kwenye kisahani karibu na mkono wa kulia.