Mbiu na Chaneli ya 16

Redio haikuleta uratibu wa uokoaji kisiwani Wasini, Kenya. Ilikuta pwani ya Waswahili tayari ina kanuni yake, mbiu: pembe ikilia, watu hunyamaza wasikilize. Chaneli ya 16 ya redio ya VHF, ya dharura na ya kuitana baharini duniani kote, hudai nidhamu ileile: kama si dharura, ita hapo, kisha hamia chaneli nyingine ili wengine wapate nafasi. Atapinga mtu kwamba sauti ya pembe haifiki mbali baharini. Kweli, na ndiyo maana redio ni ya lazima. Lakini feri MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Zanzibar, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliookoa watu, kwa vyombo vyao wenyewe. Redio, basi, ingefaa ianze kwa mvuvi wa Wasini na wa Shimoni jirani, kabla ya ofisi za uokoaji za Mombasa.