VIJIJI VILIVYOTUACHIA KITU (4): Yetminster, kijiji cha mama aliyechanjwa kwa sindano ya kufumia soksi

Mlioomba kijiji cha nne, kimefika. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza, au msome huku mkinyonyesha.

Leo nataka mjue kitu kimoja: ile sindano inayomliza mtoto wako kliniki ina ukoo wake, na sehemu ya ukoo huo ni vijijini. Ukiufuata nyuma utakutana na wasichana wa kukamua ng'ombe, mkulima mmoja mkaidi, na mama mmoja aliyevimba mkono mpaka majirani wakadhani anakufa.

1. Kijiji chenyewe

Kinaitwa Yetminster. Kipo Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Msifikirie London, huku ni shamba kabisa: nyumba za mawe, kanisa la zamani la Mtakatifu Andrea, malisho ya kijani na ng'ombe wa maziwa. Hata leo wakazi wake ni kama elfu moja hivi. Mitaa mingi ya kwetu ina watu wengi kuliko hapo.

Kijiji hiki kiliwahi kubahatika kupata mfadhili mkubwa. Wale mliosoma fizikia sekondari mnaikumbuka Kanuni ya Boyle, ya gesi na mgandamizo? Robert Boyle mwenyewe alizaliwa Ireland, lakini familia yake ilikuwa na nyumba na mashamba huko Dorset. Alifariki mwaka 1691, na kwa mali aliyoiacha ikajengwa shule ya wavulana maskini Yetminster. Ilidumu mpaka karne ya 20. Kwa hiyo jina la mwanasayansi mkubwa lilikuwepo pale kijijini tangu zamani.

Lakini jambo ninalowaletea leo halikutoka shuleni. Lilitoka zizini.

2. Ndui

Kina mama wa umri wangu kushuka chini hatujawahi kuona ndui. Muulizeni bibi. Atawaambia kuhusu nyuso zenye makovu ya vishimo, na kuhusu watu waliopofuka. Katika kila watu 10 walioshikwa na ndui ile kali, karibu 3 walikufa, na watoto wadogo ndio walioumia zaidi. Dawa ya kuitibu haikuwepo.

Kulikuwa na kinga moja iliyojulikana tangu zamani huko Asia na sehemu za Afrika, nayo ikafika Uingereza mwaka 1721. Walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui mwenyewe na kumchanja nao mtu mzima wa afya. Wengi waliugua kidogo, wakapona, wakawa na kinga. Ila wengine walikufa kwa hiyo hiyo kinga, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza ndui wenzake wa nyumbani. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama wa wakati ule. Umchanje mwanao, huenda ukamuua kwa mkono wako. Usimchanje, ndui ikija itaamua yenyewe.

Neno letu "chanjo" bado limebeba historia hiyo. Limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo, kama chale. Siku hizi tunachoma sindano au tunatia matone mdomoni, lakini jina limebaki lile lile.

3. Mikono ya wasichana wa kukamua

Huko Dorset, kama kwenye vijiji vingi vya ng'ombe wa maziwa, watu walikuwa wameona jambo. Ng'ombe walipata ugonjwa wa vipele kwenye chuchu na kiwele. Msichana aliyewakamua alitoka vidonda mikononi, akapata homa kidogo, akapona. Ukaitwa ndui ya ng'ombe. Sasa ndui yenyewe ilipoingia kijijini, msichana yule haikumpata.

Benjamin Jesty, mkulima wa Yetminster aliyezaliwa mwaka 1736, aliliona hilo nyumbani kwake. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua ndui ya ng'ombe alipokuwa kijana. Tena alikuwa na wasichana wawili wa kazi, Ann Notley na Mary Reade, ambao nao waliwahi kuugua. Wote wawili waliwauguza ndugu zao wenye ndui, wakawahudumia kwa karibu kabisa, na hawakuambukizwa.

Hapa nataka mtulie kidogo. Wasichana hawa hawakuwa wasomi. Walikuwa wafanyakazi wa ndani na wa zizini. Lakini kila walipokaa na mgonjwa na kutoka salama, walikuwa wanatoa ushahidi, na kuna mtu aliyekuwa na akili ya kuutazama.

Leo tunaweza kueleza kwa nini. Kirusi cha ndui ya ng'ombe na kirusi cha ndui ni ndugu. Mwili ukipambana na yule mpole, unaikariri sura ya ukoo mzima. Akija yule mkali, unamtambua kabla hajaingia ndani.

4. Mwaka 1774

Mwaka 1774 ndui ilivamia Dorset. Jesty hakuwa na hofu juu yake mwenyewe. Hofu yake ilikuwa kwa mkewe Elizabeth na watoto wao wa kiume wawili, Robert wa miaka 3 na Benjamin wa miaka 2.

Akasikia kuna ng'ombe wenye vipele kwenye shamba moja huko Chetnole, kijiji jirani. Akawapeleka wote watatu, malishoni kwenye ng'ombe. Akachukua sindano ya kufumia soksi, akaichovya kwenye usaha wa ng'ombe, akawakwaruza mikononi na kuutia pale.

Watoto waliugua kidogo tu. Elizabeth ndiye aliyepata shida. Mkono wake ulivimba sana, homa ikapanda, na kwa muda hali yake ilitisha, ikabidi atibiwe. Akapona.

Nawaambia kama nesi: alichofanya Jesty ni cha hatari. Sindano haikuwa safi, kipimo hakikuwepo, na usaha wa ng'ombe unaweza kubeba vijidudu vingine vingi. Haiwezekani kujua leo kama mkono wa Elizabeth ulivimba kwa chanjo au kwa uchafu. Ndiyo maana chanjo za sasa zinapimwa kwa miaka kabla ya kukufikia, sindano inafunguliwa mbele yako, inatumika mara moja na kutupwa. Elizabeth hakupata hata kimoja cha hivyo. Alitoa mkono wake tu.

5. Maneno ya watu

Kijiji kikachemka. Jamani, mtu amewatia wanawe usaha wa mnyama! Jesty alizomewa, alitukanwa, na alipokwenda sokoni watu walimrushia vitu. Wengine walisema wale waliochanjwa watageuka ng'ombe, wataota pembe.

Msicheke sana. Mwaka 1802 chanjo ilipokuwa imeshafika London, mchoraji maarufu James Gillray alichora kibonzo cha watu wanaochanjwa huku ng'ombe wadogo wakiwatoka mikononi na usoni. Na sisi kliniki tunayasikia ya kwetu: eti chanjo inafunga kizazi, eti inaleta ugonjwa uleule. Maneno yamebadilika nguo, ila ni yale yale.

Basi nini kilichojibu maneno? Miaka ilipita. Wale wavulana wakakua, na baadaye wakachanjwa kwa ile njia ya zamani, kwa usaha wa ndui halisi. Haikuwashika. Hakuna aliyeota pembe. Kelele za majirani zilikuwa kubwa, lakini hazikuwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwenye miili ya watoto wale na ya mama yao.

6. Kwa nini tunamjua Jenner na siyo Jesty?

Vitabu vya shule vinamtaja Edward Jenner, daktari wa Berkeley, mji mdogo wa mashambani huko Gloucestershire. Tarehe 14 Mei 1796, miaka 22 baada ya Jesty, alimchanja James Phipps, mtoto wa mtunza bustani, mwenye miaka 8. Usaha aliutoa kwenye mkono wa msichana wa kukamua aliyeitwa Sarah Nelmes. Tena msichana wa kukamua, mnaona? Mwaka 1798 akachapisha kitabu chake, na mwaka 1802 Bunge likampa zawadi ya pauni 10,000.

Je, alimwibia Jesty? Hapana. Jesty alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wanaojulikana kufanya hivyo, lakini alikinga nyumba yake akanyamaza. Jenner alijaribu, akapima, akaandika, akawafundisha wengine na kuwapelekea chanjo. Siri ya nyumba moja haiwezi kuokoa mtaa mzima.

7. Kijiji cha pili, na safari ya London

Mwaka 1797 familia ya Jesty ilihamia shamba lingine karibu na Worth Matravers, kijiji cha wachonga mawe upande wa bahari wa Dorset. Huko jirani, Swanage, kulikuwa na kasisi aliyeitwa Andrew Bell, yule anayejulikana katika historia ya elimu kwa mfumo wa wanafunzi kufundishana. Bell alichanja watu wa parokia yake. Alipoijua habari ya mkulima huyu, aliandika barua kwa taasisi ya chanjo ya London.

Mwaka 1805 Jesty akaalikwa London. Inasimuliwa kwamba mkewe alimsihi avae nguo nzuri za kisasa, akakataa. Alisema haoni sababu ya kuvaa vizuri zaidi mjini kuliko kwao shamba. Walimhoji, wakampa cheti na visu vidogo viwili vya kuchanjia vyenye mapambo ya dhahabu, na mchoraji Michael Sharp akamchora. Hakuweza kukaa kimya kuchorwa, ikabidi mke wa mchoraji ampigie kinanda ili atulie. Wanaume wengine bwana!

Alifariki tarehe 16 Aprili 1816, akazikwa Worth Matravers. Jiwe la kaburi lake linasema kwamba kwa ujasiri mkubwa alifanya jaribio kwa mkewe na wanawe wawili mwaka 1774. Jina la mke halijaandikwa hapo. Mkono uliovimba ni wa Elizabeth, ujasiri uliochongwa kwenye jiwe ni wa mume. Yeye amelala hapo hapo pembeni. Alifariki mwaka 1824, akiwa na miaka 84. Nusu karne baada ya ile sindano, mama wa watu alikuwa bado yupo.

8. Ilipoishia ndui

Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitali lakini chanjo aliikwepa, aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza ndui imekwisha mwaka 1980. Ndiyo maana mtoto wako hachanjwi ndui leo: hakuna tena cha kumkinga nacho.

9. Sasa turudi kwenye kadi yako ya kliniki

Mkono wa Elizabeth unanikumbusha maswali mnayoniuliza kila wiki, basi niyajibu:

• Sehemu ya sindano ikivimba kidogo, ikawa nyekundu au mtoto akapata homa ndogo, mara nyingi ni mwili unajifunza. Huisha ndani ya siku mbili tatu. Mnyonyeshe zaidi, usimfunike mablanketi.

• Ile chanjo ya begani anayopewa akizaliwa, BCG ya kifua kikuu, hutoa kipele wiki chache baadaye. Kinaweza kutoa usaha kidogo, kisha kinaacha kovu. Usikikamue, usipake dawa wala majani. Kiache.

• Uvimbe ukizidi kukua, homa ikiwa kali au haishuki, mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege au akipumua kwa shida, usisubiri asubuhi. Njoo kituoni.

• Surua na rubela ni miezi 9, halafu miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika sana. Angalia kadi sasa hivi kabla hujafunga simu.

• Una wasiwasi? Uliza. Muulize nesi jina la chanjo, inakinga nini, na utegemee nini usiku ule. Ni haki yako, na nesi anayejua kazi yake hatakukasirikia.

Kama mtoto wako alichanjwa na ukaona kipele, homa ya usiku mmoja, kisha akacheza kama kawaida, mwambie jirani yako mwenye mimba. Usinyamaze kama Jesty. Yeye anasikia ya pembe kila siku, asikie na ya kwako.

Wiki ijayo kijiji cha tano. Mwenye bibi anayeikumbuka ndui amwulize ilikuwaje, atuandikie hapo chini. Usiku mwema.